Waya Mrefu na Chombo Kinachojifunza: Somo la Kusawazisha Ishara

Katika gazeti letu la muhula huu nimeombwa na Chama cha Sayansi niandike juu ya jambo lililozua maneno mengi hapa shuleni, yaani habari ya projekta ya ukumbini na waya wake. Nimekubali kwa furaha. Jambo lenyewe ni somo kubwa la fizikia na la hesabu, na wazazi waliotoa fedha zao wana haki ya kufahamu lililotokea. Nitaeleza kwanza mambo yalivyokuwa, kisha kanuni yake, kisha majaribio tuliyofanya. Mwisho nitaweka maswali machache ya kujipima. Msomaji asiogope hesabu zilizomo, kwa maana nyingi ni za kujumlisha na kutoa tu.

Mambo yalivyokuwa

Wazazi walichanga fedha, ikanunuliwa projekta, ikatundikwa darini katikati ya ukumbi. Waya wa HDMI wenye urefu wa mita 15 ulinunuliwa Kariakoo, ukapitishwa ukutani na darini kutoka meza ya mwalimu hadi kwenye projekta. Siku ya kwanza picha ilitokea, lakini ilijaa vinukta vyeupe vilivyomeremeta kama nyota. Baadaye ikawa inakatika na kurudi. Mwisho haikurudi tena, ila maandishi ya kusema kwamba hakuna ishara.

Hapo maneno yakaanza. Wengine walisema chombo kimeungua. Wengine walisema wanafunzi wameuvuta waya. Vijana wawili waliokuwa zamu siku ile wakaandikishwa maelezo, na ikasemwa kwamba huenda wazazi wao wakatakiwa kulipa. Mzazi mmoja akaniambia, "Mwalimu, uzeni tu huo mzigo kwa mafundi wa vipuri, angalau mpate nauli." Nikamjibu, "Mzee wangu, tumpime mgonjwa kwanza kabla ya kumchimbia kaburi."

Basi ili kumpima mgonjwa yatupasa kujua kinachopita ndani ya waya.

Kinachopita ndani ya waya

Picha ya kompyuta husafiri kama mfululizo wa biti. Biti moja ni jibu la ndiyo au hapana. Katika waya, "ndiyo" ni umeme wa upande mmoja, tuuite +1, na "hapana" ni umeme wa upande wa pili, tuuite −1. Chombo kinachopokea hutazama kila biti inapofika. Kikiona umeme uko juu ya sifuri husoma +1, na kikiona uko chini ya sifuri husoma −1.

Sasa tutazame kasi yake. Picha yenye nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, inayobadilishwa mara 60 kila sekunde, hutuma biti 1,485,000,000 kila sekunde katika kila moja ya jozi tatu za nyaya zinazobeba picha. Maana yake kila biti hupewa muda wa nanosekunde 0.67 hivi. Nanosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja.

Umeme katika waya wa namna hii huenda yapata sentimita 20 kwa kila nanosekunde. Kwa hiyo biti moja ikiwa njiani ina urefu wa sentimita 13 au 14, karibu na urefu wa kalamu ya risasi. Katika waya wa mita 15 zimo biti kama 111 kwa wakati mmoja, zimefuatana kama watu katika foleni. Biti ya kwanza haijatoka mlangoni na nyuma yake zimeingia nyingine mia na zaidi. Katika foleni iliyobanana hivyo, mmoja akitanuka kidogo humsukuma mwenzake.

Kwa nini biti hutanuka

Mtu anayelala Kariakoo usiku wa harusi anajua jambo hili hata kama hajasoma fizikia. Muziki ukipigwa mtaa wa pili, nyuma ya kuta, husikii maneno ya mwimbaji wala mlio mwembamba wa gitaa. Wasikia besi tu, du, du, du. Kuta zimemeza sauti zenye mitetemo mingi na kuacha zile zenye mitetemo michache.

Waya hufanya vivyo hivyo kwa umeme, na sababu zake kubwa ni mbili. Kwanza, umeme unaotetemeka kwa kasi haupiti katika unene wote wa shaba, bali hukimbilia juu juu, katika ngozi ya waya. Njia ikiwa nyembamba, upinzani huongezeka. Pili, plastiki inayozunguka shaba hunyonya nguvu kidogo kwa kila mtetemo na kuigeuza joto. Kadiri mitetemo inavyokuwa mingi kwa sekunde, ndivyo hasara zote mbili zinavyozidi.

Sasa biti iliyotumwa vizuri ina pembe kali. Inapanda ghafula, inatulia, inashuka ghafula. Pembe hizo kali zimejengwa na mitetemo ya kasi. Waya ukiimeza mitetemo hiyo, pembe huyeyuka. Biti hufika imekuwa kilima kilicholala, na mkia wake umeingia katika nafasi ya biti inayofuata. Mfano wake ni kuandika kwa wino juu ya karatasi ya kufungia vitumbua. Herufi moja moja huweza kusomeka, lakini ukiandika maneno yaliyobanana, wino wa herufi moja huvamia herufi ya pili na mstari mzima ukawa doa.

Ugonjwa wa zamani

Ugonjwa huu si mgeni katika pwani yetu. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, na kutoka hapo kwenda Msumbiji hadi Durban. Nyaya ndefu za namna hiyo zilikuwa na tabia hiyo hiyo. Alama iliyotumwa kwa mpigo mmoja mfupi ilifika ng'ambo ikiwa imenyooka kama mkia wa mvua, na aliyetuma upesi mno aliharibu ujumbe wake mwenyewe.

Mtaalamu William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alikuwa amekwisha kueleza jambo hilo kwa hesabu katika miaka ya 1854 na 1855. Alionyesha kwamba katika waya wa chini ya bahari ucheleweshaji huongezeka kwa kipeo cha pili cha urefu. Waya ukirefushwa mara mbili, taabu huwa mara nne. Ukirefushwa mara tatu, taabu huwa mara tisa.

Wako waliodhani kwamba dawa ni nguvu. Mwaka 1858 waya wa kwanza wa kuvuka bahari ya Atlantiki ulipotoa alama hafifu, mhandisi Wildman Whitehouse aliusukuma kwa umeme wa volti zipatazo 2,000. Waya haukupona, na katika muda wa majuma machache tangu uanze kazi ulikuwa umekufa kabisa. Thomson na wenzake walishika njia nyingine. Katika miaka ya 1870 yeye na Fleeming Jenkin walitengeneza chombo ambacho, baada ya kutuma mpigo mmoja, hutuma mara moja mpigo mdogo wa upande wa pili ili kuufuta mkia wa ule wa kwanza. Hawakuongeza nguvu. Walilijua kosa, wakalitoa.

Wazo hilo ndilo linaloitwa kusawazisha ishara, na chombo chake tutakiita kisawazishi. Mkia unaoachwa na kila biti tutauita kivuli.

Hesabu ya kivuli

Tuseme kila biti inaacha kivuli katika nafasi moja tu inayofuata. Tuseme pia kivuli hicho ni nusu ya biti yenyewe, yaani 0.5. Tukituma biti hizi:

+1, −1, +1, +1, −1

mpokeaji atapata kila biti ikiwa imejumlishwa na nusu ya ile iliyoitangulia:

+1, −0.5, +0.5, +1.5, −0.5

Alama bado ni sahihi zote. Lakini angalia kwamba biti tatu zimebaki na 0.5 tu badala ya 1. Nusu ya usalama imekwisha kuliwa. Kelele ndogo kutoka kwa injini ya feni au taa mbovu yaweza kuzipindua.

Sasa waya uwe mrefu zaidi, na kivuli kifike 1.2. Biti zile zile zitafika hivi:

+1, +0.2, −0.2, +2.2, +0.2

Mpokeaji asiyejua kitu atasoma: +1, +1, −1, +1, +1. Katika biti tano amekosea tatu. Wala hakuna kelele yoyote hapa, na waya haukukatika. Kila biti iliyotumwa imefika, ila imechanganyika na jirani yake. Hizo ndizo nyota nyeupe tulizoziona ukutani.

Tukumbuke sana jambo hili. Ishara imechanganyika kwa utaratibu, wala haikupotea. Na kilichochanganywa kwa utaratibu huweza kuchambuliwa kwa utaratibu, kama mchele na pumba katika ungo.

Mpokeaji akijua kwamba kivuli ni 1.2, atafanya hivi. Biti ya kwanza ni +1, haina kitu mbele yake. Basi biti hiyo imeacha kivuli cha +1.2 katika nafasi ya pili. Aitoe: 0.2 − 1.2 = −1. Biti ya pili ni −1, imeacha kivuli cha −1.2 katika nafasi ya tatu. Aitoe: −0.2 + 1.2 = +1. Ya nne: 2.2 − 1.2 = +1. Ya tano: 0.2 − 1.2 = −1. Zote tano zimepatikana sawasawa. Mpokeaji ametumia yale aliyokwisha kuyasoma ili kusafisha yale anayoyasoma sasa.

Chombo kinachojifunzaje?

Hapa ndipo swali gumu linapokuja. Nani atamwambia mpokeaji kwamba kivuli ni 1.2? Waya wa mita 2 una kivuli chake, wa mita 15 una chake, uliotengenezwa kwa shaba nyembamba una chake. Hata joto la mchana hubadilisha waya kidogo. Fundi hawezi kukaa mlangoni pa kila kompyuta akizungusha skrubu. Lazima chombo kijitafutie chenyewe. Ndiyo maana twasema kusawazisha kwa kujiendesha.

Mwanzoni mtumaji na mpokeaji hupatana juu ya mfululizo wa biti unaojulikana kwa wote wawili. Ni kama mwalimu wa imla anayeanza na maneno ambayo darasa limekwisha kuyajua, ili kila mtoto aizoee sauti yake kabla ya maneno mapya. Tuchukue biti zetu zile zile kuwa ndizo za mafunzo. Mpokeaji hajui kivuli, kwa hiyo anakisia sifuri.

Nafasi ya pili: amepokea 0.2, lakini anajua ilipaswa kuwa −1. Kosa ni +1.2, na biti iliyotangulia ilikuwa +1. Kwa hiyo kivuli alichokikisia ni kidogo mno kwa 1.2. Aongeze nusu ya kosa hilo. Makisio mapya ni 0.6.

Nafasi ya tatu: amepokea −0.2. Biti iliyotangulia ni −1, kwa hiyo anatoa kivuli cha −0.6, anapata +0.4. Ilipaswa kuwa +1. Kosa ni −0.6, na biti iliyotangulia ni −1. Ukizidisha wapata +0.6. Aongeze nusu yake. Makisio mapya ni 0.9.

Nafasi ya nne: 2.2 − 0.9 = 1.3, kosa ni 0.3. Makisio mapya ni 1.05.

Nafasi ya tano: 0.2 − 1.05 = −0.85, kosa ni 0.15. Makisio mapya ni 1.125.

Tazama yanavyokwenda: 0, 0.6, 0.9, 1.05, 1.125. Kila hatua yakaribia 1.2 kwa nusu ya umbali uliobaki. Baada ya hatua kumi yatakuwa zaidi ya 1.19. Na hatua kumi kwa saketi ya biti bilioni 8 kwa sekunde ni muda wa nanosekunde moja na robo tu!

Mwanafunzi mwepesi atauliza: kwa nini kuongeza nusu ya kosa, tusiongeze lote tukafika mara moja? Ni kwa sababu ya kelele. Katika waya wa kweli, sehemu ya kosa ni kivuli na sehemu ni kelele ya bahati tu. Anayelifuata kosa lote atarushwa huku na huku na kila kelele. Anayelifuata kidogo kidogo ataona kelele zinafutana zenyewe, na kivuli kinabaki. Kwa hakika vyombo vya kweli huchukua sehemu ndogo zaidi ya nusu.

Mafunzo yakiisha, biti za kweli huanza kuja, ambazo mpokeaji hazijui. Lakini sasa anasoma vizuri, na karibu kila biti anayoisoma ni sahihi. Kwa hiyo huchukua masomo yake mwenyewe kuwa ndiyo majibu, akaendelea kujirekebisha hata waya ukipata joto au kupoa.

Kanuni hii ya kujirekebisha kwa sehemu ya kosa ilitolewa mwaka 1960 na Bernard Widrow na mwanafunzi wake Ted Hoff katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 1965 Robert Lucky wa maabara za Bell alieleza kisawazishi cha kujiendesha kwa ajili ya kutuma habari za kompyuta katika nyaya za simu. Kabla ya hapo mafundi walirekebisha kwa mkono. Kazi hiyo haikufaa kwa simu ya kawaida, kwa maana kila mtu apigapo simu huweza kupewa njia nyingine, yenye kivuli kingine.

Leo saketi za namna hiyo zimo ndani ya kompyuta za kawaida. Katika mfumo wa PCI Express, unaounganisha sehemu za ndani za kompyuta, toleo la tatu la mwaka 2010 lilifikisha biti bilioni 8 kwa sekunde katika kila njia. Kwa kasi hiyo hata njia ya shaba yenye urefu wa rula ya mwanafunzi huleta kivuli. Kwa hiyo kompyuta inapowashwa, pande mbili za njia hufundishana kwanza. Mpokeaji humwambia mtumaji aipambe vipi pembe ya biti zake, na mwenyewe hujirekebisha.

Majaribio yetu

Tukiwa na elimu hiyo, wanachama wa Chama cha Sayansi walipima mgonjwa wetu hatua kwa hatua. Vijana wale wawili niliwaweka mbele, wao ndio wakaandika matokeo.

Jaribio la kwanza: tulipanda ngazi tukaunga kompyuta kwenye projekta kwa waya mfupi wa mita moja na nusu. Picha ilikuwa safi kabisa. Kwa hiyo projekta haikuungua.

Jaribio la pili: tulirudisha waya mrefu wa mita 15, tukaipunguza picha iwe ya nukta 1280 kwa 720. Kwa picha hiyo kila jozi hubeba biti 742,500,000 kwa sekunde, yaani nusu kamili ya zile za mwanzo. Picha ilitulia, safi. Kwa hiyo waya haukukatika, wala hakuna aliyeuvuta ukang'oka.

Jaribio la tatu: kwa waya ule ule tulirudisha picha kubwa ya 1920 kwa 1080. Nyota zikarudi, kisha picha ikakatika.

Hapo hukumu ilikuwa wazi. Projekta ni nzima na waya ni mzima. Ubaya uko katika urefu na kasi vikiwa pamoja. Ndani ya projekta kimo kisawazishi, lakini kina mpaka wake, na waya ule mwembamba ulikuwa umeuvuka mpaka huo.

Jaribio la nne: tulirudi Kariakoo, tukatembea kutoka Msimbazi hadi Mtaa wa Uhuru tukiuliza. Tulipata kikasha kidogo cha kutia kati ya waya na projekta, ambacho ndani yake mna kisawazishi chenye nguvu zaidi. Kikasha hicho huinua mitetemo ya kasi iliyomezwa na waya, na hutuma upya biti zilizosafishwa. Bei yake haikufika sehemu ya ishirini ya bei ya projekta. Tulipokitia, picha kubwa ilisimama safi, na tangu siku ile haijakatika.

Maelezo ya vijana wale yalifutwa, na habari ya wazazi wao kulipa ikaisha. Nao walimpelekea Mwalimu Mkuu karatasi ya majaribio manne. Naisifu karatasi ile kwa sababu kila neno lililomo lilipimwa.

Kisawazishi katika mfuko wako

Msomaji asidhani kwamba habari hizi ni za projekta tu. Simu ndogo ya vitufe inayotumia mtambo wa GSM ina kisawazishi ndani yake. Simu hutuma biti kwa mafungu ya biti 148, na katikati ya kila fungu mna biti 26 za mafunzo ambazo simu na mnara wazijua zote mbili. Kila biti ina muda wa sekunde 3.7 zilizogawanywa mara milioni.

Sasa simama Kariakoo katikati ya maghorofa. Ishara ya mnara yakufikia moja kwa moja, na nyingine yakufikia imekwisha kugonga ukuta wa ghorofa na kuzunguka. Ikizunguka mita 300 zaidi, itachelewa kwa sekunde moja iliyogawanywa mara milioni, yaani zaidi ya robo ya biti. Hicho nacho ni kivuli, ila kimeletwa na ukuta badala ya waya. Nawe ukitembea kivuli hubadilika. Kwa hiyo simu huanza kujifunza upya katika kila fungu. Mama muuza nyanya anayepokea simu pale sokoni anatumia kanuni ya Widrow na Lucky, au ndugu zake, bila kuona taabu.

Hata nyaya za kioo za chini ya bahari zinazofika Dar es Salaam, kama SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010, hubeba mwanga, nao mwanga hutanuka njiani kwa sababu rangi zake haziendi kwa mwendo mmoja. Vyombo vya kisasa vya kupokea mwanga hutoa kivuli hicho kwa hesabu, kwa kujifunza, kama tulivyofanya hapa kwa biti tano.

Mipaka ya dawa hii

Ni lazima niseme na mipaka yake, maana dawa isiyo na kipimo ni sumu.

Kwanza, kisawazishi kinachoinua mitetemo ya kasi huinua na kelele iliyomo. Kikizidisha, picha huharibika tena kwa namna nyingine.

Pili, kisawazishi kinachotegemea biti zilizotangulia kikikosea moja, hutoa kivuli kisicho cha kweli, na kosa huweza kuambukiza biti inayofuata.

Tatu, kilichomezwa kabisa hakirudishwi. Waya uliokatika, au mrefu mno hata ishara imezama chini ya kelele, hauna dawa ila kubadilishwa.

Kwa hiyo nawashauri wazazi na walimu wanaonunua vifaa vya shule wafanye mambo mawili. Mkinunua waya mrefu, ujaribiwe kwa picha ile ile mtakayoitumia na kwa urefu wake wote, kabla ya kupitishwa ukutani. Na chombo kikikataa, punguzeni kwanza urefu, kisha kasi, kimoja kimoja, mwone ni kipi kinachorudisha picha. Jaribio hilo halina gharama, na huweza kuokoa projekta nzima na jina jema la mtoto wa mtu.

Nanyi wanafunzi, chombo hiki kidogo kina tabia njema ya kuigwa. Hakioni haya kukosea, ila hupima kosa lake kila mara na kujirekebisha kwa kiasi. Asiyepima kosa lake atarudia lile lile kwa nguvu zaidi, kama mhandisi yule wa mwaka 1858.

Maswali ya kujipima

1. Kivuli ni 0.4. Mpokeaji amepata: +1, −0.6, −1.4, +0.6, +1.4. Je, biti zilizotumwa ni zipi? Onyesha kutoa kwako hatua kwa hatua.

2. Katika mfano wetu wa mafunzo, makisio yalifika 1.125 na biti ya tano ilikuwa −1. Biti ya sita ya mafunzo ni +1. Mpokeaji atapata ngapi, na makisio yake mapya yatakuwa ngapi?

3. Picha ya nukta 3840 kwa 2160, mara 60 kwa sekunde, huweza kutumwa kwa biti 5,940,000,000 kwa sekunde katika kila jozi. Biti moja ina urefu wa sentimita ngapi ndani ya waya? Waya wa mita 15 utakuwa na biti ngapi kwa wakati mmoja?

4. Mzazi wako anasema, "Kama picha ni hafifu, ongezeni umeme." Mjibu kwa heshima, kwa maneno yasiyozidi kumi na tano.

Majibu yapelekwe kwa katibu wa Chama cha Sayansi kabla ya muhula kufungwa. Majibu bora ya swali la nne yatachapwa katika toleo lijalo.